Bei kwa Chaki ya Fundi

Mimi ni fundi wa nguo, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani.
Kazi yangu kupima watu wasiopenda kupimwa.
Kiuno nakijua kabla mwenyewe hajakikubali.
Bei ya dawa ndiyo sikuwahi kuipima.
Nilikuwa nalipa tu, kama anayelipa faini.

Siku hiyo Mbaruku wangu kaniachia cheti na baiskeli,
presha imempanda, kalala sakafuni anatafuta ubaridi.
Duka la kwanza, la vioo, lenye feni tatu:
elfu kumi na mbili.
Mfukoni nilikuwa na tisa.
Nikasema "narudi", kwa sauti ile ya mtu asiyerudi.

La pili, Chumbageni, elfu tisa na mia tano.
Mia tano!
Nikaitafuta kwenye pindo la khanga
kama sindano iliyoanguka.

La tatu lipo nyuma ya soko, mlango kama wa banda la kuku.
Ndani binti mmoja, Mwanamkuu, anasoma cheti taratibu,
kidole chini ya kila neno.
Elfu nne.
Nikadhani nimesikia vibaya.
Akanigeuzia boksi: "Jina kubwa ni la kiwanda.
Soma hili dogo, hapa chini. Hili ndilo la dawa."
Nikasoma. Lilelile la kwenye cheti.
Nguo moja, lebo mbili.
Na mimi niliyeshonea watu lebo miaka kumi na tisa
nikaona haya.

Jioni nikatwaa kipande cha tetroni nyeusi
kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi,
nikakitundika mlangoni, nikaandika kwa chaki ya kukatia:
jina dogo, duka, bei.
Chaki, kwa kuwa bei hailali ilipolala jana.

Wakaja. Wa kisukari, wa pumu,
kijana mmoja aliyeninong'oneza jina la dawa
kama ananiposa.
Wengine wakaleta bei wenyewe: "Fundi, futa, kule imepanda."
Muuza mikate wa baiskeli akawa mpelelezi wangu.

Akaja na mwenye duka la vioo, Bwana Shekalaghe,
suruali ya kupunguza mkononi.
Akasoma. Akasoma tena.
"Umenianika kama mwizi."
Nikamjibu, pini mdomoni:
"Sikuandika mwizi. Nimeandika elfu kumi na mbili."
Akataja kodi, akataja umeme, akazitaja feni moja moja.
Nilimsikia. Mimi pia nalipa kodi.
Suruali nikampunguzia sentimita mbili
kwa bei ileile ya kila mtu.

Lakini nami niliwahi kukata vibaya.
Mzee Kiluvia wa Makorora alifuata bei yangu ya chini kabisa,
akameza wiki mbili, kichwa kinamgonga.
Niliandika bei ya vidonge vya tano mahali pa vya kumi.
Miligramu. Neno jembamba kuliko tundu la sindano.
Bombo walimtuliza. Hakunigombeza.
Alileta shati nimtie kifungo,
akakaa kwenye benchi, akaniangalia tu.
Sasa nguvu ya dawa inatangulia bei,
na chini kabisa, kwa herufi za kupiga kelele:
MUULIZE MFAMASIA. MIMI FUNDI NGUO.

Juzi mama yangu kapewa cheti kipya, cha figo.
Nikazunguka na baiskeli hadi mnyororo ukachomoka.
Sitini na nane elfu. Sitini na nane.
Hata kwa Mwanamkuu, sitini na nane;
aliisema akitazama kaunta.

Nikarudi, nikashika chaki.
Bei zikasimama kwenye kitambaa, zimenyooka,
mshono ambao sijawahi kuupata kwenye cherehani,
na hapakuwa na pa kukata.

Nikakung'uta mikono.
Mteja alikuwa ananingoja, gauni begani,
anauliza kama dawa ya kikohozi imeshuka.